Kituo cha Redio Kwenye Foleni ya Toharani

Chukua flashi yenye albamu ya Dawn FM iliyojazwa kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo hapa Mwanza, Buzuruga au Igoma, ichomeke kwenye redio ya daladala, kisha sikiliza kinachotoka. Mara nyingi faili huwa zimejipanga kwa alfabeti. Kwa hiyo anayeanza kusikika ni mzee anayesimulia taratibu habari za mama yake aliyechukuliwa kwa ugonjwa wa akili. Unafuata wimbo wa urafiki uliochanganyika na mapenzi. Cha tatu ndipo mtangazaji anawakaribisha wasikilizaji kituoni, kana kwamba matangazo ndiyo kwanza yanafunguliwa. Kwenye namba 13 mtangazaji yuleyule anaaga kwa shairi, na akishaaga zinapigwa nyimbo tatu nyingine. Abiria akishuka Nyegezi akisema jamaa kachanganyikiwa, hajasingizia. Amesikia sawasawa kitu kilichovurugwa.

Albamu hiyo ni ya The Weeknd, jina lake halisi Abel Tesfaye, aliyezaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1990, kwa wazazi wa Ethiopia. Ilitoka tarehe 7 Januari 2022, ina vipande 16, na inakwisha kabla dakika 52 hazijatimia. Imekaa katikati ya albamu tatu zinazofuatana: After Hours ya mwaka 2020 iliitangulia, Hurry Up Tomorrow ya mwaka 2025 ikafunga mlango. Vijiweni husikika hoja tatu juu yake: kwamba ni nyimbo za zamani zilizopakwa rangi mpya, kwamba kompyuta ndiyo iliyofanya kazi, na kwamba ndani mna mambo ya kuzimu. Hoja zote tatu zimesimama juu ya maneno ambayo watu hawajakubaliana maana yake. Tuanze na maneno.

Wazo moja, vipande 16

Albamu nyingi ni kama tenga la samaki pale Mwaloni, Kirumba. Ndani mna sato, mna sangara, mna kila kitu, na mnunuzi anachagua amtakaye bila kumdhuru aliyebaki. Msanii amerekodi nyimbo 12 kwa miaka miwili, akaziweka pamoja, akatafuta picha ya jalada. Hakuna ubaya, nyimbo nyingi tunazozipenda zimetoka kwenye matenga ya namna hiyo.

Albamu ya dhana inafanana zaidi na utenzi. Ubeti wa 40 unaweza kuwa mtamu peke yake, lakini ukiuweka mbele ya ubeti wa kwanza umeharibu kazi ya mtunzi. Vipande vyote vinalitumikia wazo moja, na mahali kilipowekwa kipande ni sehemu ya maana yake. Watu hukosea wakidhani lazima kuwe na hadithi kamili, yenye shujaa, adui na harusi mwishoni. Si lazima. Wakati mwingine dhana ni mahali tu, au saa fulani ya usiku, na kila wimbo unatokea hapo.

Kwa Dawn FM, mahali penyewe Abel alipaeleza kabla albamu haijatoka: msikilizaji amekufa, yuko toharani, na toharani hiyo imefanana na foleni ya magari ndani ya handaki. Mbele kuna mwanga. Magari hayasogei. Ndani ya gari kuna redio, na mtangazaji anakutuliza mpaka utakapovuka.

Waliokulia Mwanza hawahitaji handaki ili waelewe. Kabla daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, halijafunguliwa Juni 2025, aliyekuwa anakwenda Sengerema au Geita alijua kukaa kwenye foleni ya kivuko injini ikiwa imezimwa. Ng'ambo unaiona kabisa, miti yake na mapaa yake ya bati, lakini huwezi kufika mpaka zamu yako iite. Kurudi nyuma huwezi, kwenda mbele huwezi. Wanaopita kivuko cha Kamanga hadi leo wanaijua hali hiyo. Kinachobaki ni redio, na mawazo yanayokujia ukiwa huna la kufanya: uliyemkosea, aliyekuacha, simu ambayo hukupiga. Nyimbo za Dawn FM ni mawazo ya foleni hiyo. Ndiyo maana karibu zote zinazungumzia mapenzi yaliyoharibika na majuto, na ndiyo maana picha ya jaladani inamwonyesha msanii aliyekuwa hajafikisha miaka 32 akiwa kibabu mwenye ndevu nyeupe.

Hapo hoja ya kuzimu inajijibu. Toharani, kwa mafundisho ya Kanisa Katoliki, si jehanamu; ni hali ya kutakaswa ya roho ambayo tayari inaelekea mbinguni. Parokia za Mwanza huwaombea marehemu waliomo humo kila Novemba. Abel mwenyewe alilelewa katika Kanisa la Othodoksi la Ethiopia. Mtu anaweza kusema picha hiyo imetumika kwa mzaha, na albamu ina mzaha kweli, lakini kuiita ibada ya shetani ni kutosikiliza.

Redio isiyo na mnara

103.5, masafa yanayotajwa kwenye albamu, yanaingia bila shida kwenye redio yoyote ya Tanzania, kwa kuwa FM yetu inaanzia 87.5 na kuishia 108. Ila ukizungusha kitufe hadi hapo huwezi kumpata mtangazaji huyu. Ni Jim Carrey, mchekeshaji wa filamu, Mkanada kama Abel na aliyewahi kuwa jirani yake, na hapa haongei kwa kuchekesha. Sauti yake ni ile ya mtangazaji wa saa nane usiku, anayejua kwamba walio macho ni walinzi, wagonjwa na madereva wa masafa. Anafungua kituo kwenye kipande cha kwanza, anarudi mwishoni mwa Out of Time, na anafunga kwenye kipande cha 16. Katikati kuna hata tangazo la biashara linalonadi maisha ya baadaye kama mtu anayenadi kiwanja Kisesa.

Mzee anayesimulia habari za mama yake ni Quincy Jones, aliyekuwa prodyuza wa Thriller ya Michael Jackson mwaka 1982 na aliyefariki Novemba 2024. Kwa mpangilio sahihi yeye ni wa sita. Amewekwa baada ya nyimbo nne za kuchezeka zilizounganishwa bila kupumua, ili redio ishuke ghafla na msikilizaji abaki na sauti ya mtu mzima akieleza jinsi jeraha la utotoni lilivyoharibu mapenzi yake ukubwani. Ukimtanguliza mbele ya vyote, hakuna alichokukatiza.

Mtu wa kumwangalia zaidi, ingawa jina lake halitajwi sana vijiweni, ni prodyuza Daniel Lopatin, anayejiita Oneohtrix Point Never. Jina hilo gumu limetokana na kulisikia vibaya jina la kituo cha redio cha Boston, Magic 106.7. Mwaka 2020 alitoa albamu yake iliyopangwa kama redio, Abel akiwa mmoja wa waliosimamia utayarishaji wake. Dawn FM waliisimamia pamoja, wao wawili na prodyuza Max Martin wa Sweden. Kwa hiyo wazo la redio halikuokotwa barabarani.

Kuna maneno mawili, FM na sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme), yanayokutana mahali ambapo wengi hawapategemei. FM ni kubadilisha masafa ya wimbi moja kwa kutumia wimbi jingine. Redio hutumia njia hiyo kubeba sauti kutoka mnarani. Mwaka 1967 John Chowning, wa Chuo Kikuu cha Stanford, aligundua kwamba njia hiyohiyo, wimbi likibadilishwa kwa kasi ya kutosha, inazaa sauti mpya za muziki: kengele, vinanda, besi za chuma. Yamaha wakanunua leseni ya kuitumia njia hiyo, na mwaka 1983 wakatoa DX7, kinanda kilichojaa kwenye nyimbo za miaka ile. Ndiyo, Yamaha hiyohiyo. Kampuni ya injini za boti ilijitenga na ile ya vinanda mwaka 1955, lakini alama bado ni moja. Itazame injini yoyote mwaloni: zile uma tatu zilizopishana ni vyuma vya kupimia sauti ya ala.

Sinthesaiza inafanya nini hasa

Kinanda cha kanisani chenye vitufe vya mitindo mara nyingi hucheza sauti zilizorekodiwa tayari. Ukibonyeza tarumbeta unapata tarumbeta ya mtu fulani, iliyohifadhiwa ndani. Huyo ni sato wa kukaanga, amekuja na chumvi yake. Sinthesaiza inakupa sato mzima mbichi: magamba unaparua wewe, tumbo unapasua wewe, mafuta unachagua wewe. Ukikosea, harufu ni yako pia.

Sauti ni hewa inayotikisika. Uzi wa tano wa gitaa ukipigwa bila kubanwa hutikisika mara 110 kwa sekunde. Ndani ya sinthesaiza hakuna uzi. Kuna umeme unaopanda na kushuka mara 110 kwa sekunde, na spika inaufuata. Sehemu inayozalisha huo umeme huitwa osileta. Namna umeme unavyopanda na kushuka, yaani umbo la wimbi, ndiyo inayoipa sauti tabia. Wimbi laini kama ziwa la asubuhi hutoa sauti ya mluzi. Wimbi la msumeno, linalopanda mteremko na kuanguka wima, ni kali na limejaa, kwa sababu ndani yake mna 110, 220, 330, 440 na kuendelea, kila moja dhaifu kuliko iliyotangulia. Wimbi la mraba lina zile za witiri pekee, 110, 330, 550, na ndiyo maana linasikika lina uwazi katikati, kama mtu anayepuliza bomba.

Msumeno ukiachwa hivyo unachosha masikio kwa nusu dakika. Hapo linaingia chujio. Pita nje ya ukumbi wa harusi usiku: kutoka mbali unasikia dum, dum, na maneno ya wimbo huyaelewi. Ukuta umezuia sauti za juu na kupitisha za chini. Mlango ukifunguliwa, matoazi na waimbaji wanakumwagikia kwa pamoja. Chujio la sinthesaiza ni mlango huo, ila unaweza kuufungua kidogo kidogo kwa kuzungusha kitufe kimoja. Ile hali ya wimbo kuanza ukiwa kama uko chini ya maji, kisha ukaibuka, karibu kila mara ni chujio linalofunguliwa taratibu.

Kitu cha tatu ni muda: sauti inachukua milisekunde ngapi kufika kileleni, inashuka vipi, inakaa wapi ukishikilia kitufe, na inafifia kwa muda gani ukiachia. Wimbi lilelile la msumeno likifika kileleni papo hapo na kuzimika ndani ya milisekunde 200 linakuwa besi ya kudonoa. Likichukua milisekunde 500 kupanda na sekunde mbili kufifia, linakuwa pazia la nyuma ambalo msikilizaji halioni mpaka liondolewe.

Cha nne ndicho kinachofanya watu waseme hii ni ya zamani. Boti mbili zikienda sambamba na injini zao zikazunguka kwa kasi inayokaribiana lakini isiyo sawa, utasikia mngurumo unaovimba na kunywea, wau, wau, wau. Osileta mbili zikifanya hivyo, moja kwa 440 na nyingine kwa 442, uvimbe huo unakuja mara 2 kwa sekunde. Sinthesaiza nyingi za mwanzo zilitumia saketi zilizoyumba kwa joto, kwa hiyo hazikuweza kuwa sawa kabisa hata fundi akitaka. Baadaye ugonjwa huo ukageuka kuwa ladha. Roland Juno-60 ya mwaka 1982 ilikuwa na osileta moja tu iliyotulia kwa kila sauti, hivyo waundaji wake wakaongeza kifaa cha kuiyumbisha kwa makusudi. Juno-60 aliyoanza nayo Lopatin ilikuwa ya baba yake.

Midundo nayo ina umri wake. Roland TR-808 ya mwaka 1980 ilitengeneza ngoma kwa umeme mtupu, na kiki yake ndefu, yaani ngoma ya chini, bado inatembea kwenye biti za leo. LinnDrum ya mwaka 1982 ilicheza ngoma halisi zilizorekodiwa kwenye chipu, vipande vifupi na vikavu. Juu ya snea, ile ngoma ya mlio mkali, maprodyuza wa miaka ile waliweka mwangwi mkubwa, kisha wakaukata ghafla kabla haujafifia, kama anayepiga kofi pangoni na mtu akafunga mlango. Mkato huo ndio masikio hutambua haraka kuliko kinanda chochote.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kompyuta imejipigia, muulize nani aliamua chujio lifunguke kwenye mstari wa pili wa kiitikio na si wa kwanza.

Zamani ya nani?

Neno zamani halina maana moja pande zote za dunia. Msikilizaji wa Mwanza wa mwaka 1984 alikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na kilichotoka humo zaidi kilikuwa dansi: magitaa matatu yanayojibizana, tarumbeta, tumba. Vituo binafsi vilikuja miaka ya 1990, Radio Free Africa ya hapahapa Mwanza ikiwa miongoni mwao, na televisheni Tanzania Bara nayo ni ya miaka hiyo. Popu ya vinanda ya Ulaya, Marekani na Japani ilitufikia kwa kaseti, mara nyingi zimenakiliwa mara tano mpaka sauti imekuwa na ukungu.

Ndiyo maana babu wa Pasiansi akisikia Dawn FM hakumbuki ujana wake, na kijana wa Malimbe anaiita ya zamani bila kuwa na zamani hiyo. Mwenye kumbukumbu ni mwingine. Abel naye alizaliwa mwaka 1990, miaka ile ilikuwa imeshapita. Anachokitumia ni picha ya wakati uliokwisha, na kwa albamu ya mtu aliyekufa anayesikiliza redio, hakuna chombo kinachofaa zaidi: ala zinazosikika kama kumbukumbu ya mtu mwingine. Angeweza kuimba maneno yaleyale juu ya biti ya mwaka 2022, na toharani ingepotea.

Kukopi, kusampo na kufanana

Hapa pana mambo matatu ambayo kijiweni hutupwa kwenye gunia moja. Kufanana ni kutumia ala na ladha za wengine. Sauti ya LinnDrum si mali ya mwimbaji yeyote, kama vile hakuna mwenye hati ya mchuzi wa nazi. Kusampo ni kuchukua kipande cha rekodi iliyopo na kukijenga upya ndani ya wimbo wako. Kukopi ni kuchukua melodi au maneno ya mtu na kukaa kimya.

Dawn FM ina kufanana kwingi na sampo za wazi. Out of Time imejengwa juu ya Midnight Pretenders ya Mjapani Tomoko Aran, ya mwaka 1983. Sacrifice imebeba sampo ya I Want to Thank You ya Alicia Myers, ya mwaka 1981. Watunzi wa awali wametajwa kama watunzi, na palipo na jina pana mgawo.

Prodyuza wa Mwanza anayetaka kufanya hivyo ajue kuna ruhusa mbili, siyo moja: ya mtunzi wa wimbo na ya mwenye rekodi, ambao mara nyingi ni watu tofauti. Ukiupiga upya kwa mikono yako hauhitaji ya pili, lakini ya kwanza bado inakudai. Ile imani kwamba sekunde chini ya saba ni bure haimo kwenye sheria.

Ukitaka kuitengeneza kwenye studio ndogo

Huhitaji Juno. Programu yoyote ya kutengeneza biti ina sinthesaiza ya ndani inayotosha. Weka mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ambapo pigo moja ni milisekunde 500 na nusu yake ni 250. Besi: osileta moja ya msumeno, chujio karibu na mitikisiko 400 kwa sekunde, noti za nusu pigo zenye urefu wa milisekunde 160 hivi ili kati yake kubaki uwazi. Uwazi huo ndio unaotembeza wimbo. Besi iliyogusana mwanzo hadi mwisho inakuwa injini ya trekta. Pazia la nyuma: osileta mbili za msumeno, moja ipandishe senti 7, nyingine ishushe senti 7 (nusu toni ina senti 100), na kata kila kilicho chini ya 200 ili usigombane na besi. Snea: mwangwi wa sekunde 2, kisha geti, yaani kifaa cha kukata sauti ghafla, lifunge baada ya milisekunde 250 au 300. Geti likifunga kwenye pigo linalofuata umechelewa, kila kitu kitasikika kama kiko bafuni.

Makosa yanayojirudia ni machache. La kwanza ni kuzidisha myumbo. Senti 7 ni utamu, senti 25 ni kinanda kibovu, na mwimbaji anakosa noti ya kushika. La pili ni kiki na besi kupiga pamoja mahali pamoja. Mojawapo lazima ipishe, ama kwa kuishusha besi kwa milisekunde 100 kila kiki inapopiga, ama kwa kuihamisha noti. La tatu ndilo linalouma zaidi huku kwetu. Baadhi ya vifaa vya kupanua sauti hupeleka wimbi moja spika ya kulia na lilelile likiwa limepinduliwa kushoto. Studio inasikika pana kama ziwa. Ukipeleka kwenye redio ya spika moja, kulia na kushoto vinajumlishwa, vinafutana, na kinanda chako kinatoweka. Bonyeza kitufe cha mono kabla hujatoa kazi nje. La nne: spika ya simu haitoi vizuri chochote kilicho chini ya takriban 250, kwa hiyo besi safi ya 55 haipo kabisa kwa msikilizaji wa simu. Ongeza mkwaruzo kidogo, sikio litajaza lililobaki.

Na usijaze kila nafasi. Mashine za mwanzo ziliweza noti chache kwa pamoja, Juno-60 sita tu, na uchache huo ni sehemu ya sauti yenyewe. Hata Dawn FM inayumba pale inapojaza. Kwa masikio ya mwandishi huyu, I Heard You're Married, akiingia rapa Lil Wayne, inakutoa kwenye gari na kukurudisha kwenye tenga la samaki. Less Than Zero, inayofuata, inakurudisha kwenye foleni.

Kuirudisha kwenye mstari

Sasa ile flashi. Kuandika 01 hadi 16 mbele ya majina ya faili husaidia kwenye simu na kompyuta, lakini redio nyingi za bei nafuu hazisomi majina kabisa. Zinafuata mpangilio ambao faili ziliingia kwenye flashi. Kwa hiyo futa flashi kwa kuiformati upya kwa FAT32, kisha nakili kipande kimoja kimoja, Dawn FM kwanza, Gasoline, How Do I Make You Love Me?, Take My Breath, Sacrifice, mpaka Phantom Regret by Jim. Ukizikamata zote 16 na kuzibandika kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuziandika kwa utaratibu wake.

Linabaki tatizo la kimya. Faili ya MP3 hugawanywa vipande vya takriban milisekunde 26, na pale muziki usipojaza kipande, kimya hujazia. Ongeza muda ambao redio inatafuta faili inayofuata, unapata shimo katikati ya nyimbo ambazo zilitengenezwa ziungane, hasa kuanzia cha pili hadi cha tano, ambako mdundo mmoja unakabidhi mwingine bila kusimama. Dawa yake ni kuziunganisha zote kuwa faili moja kwa programu ya bure kama Audacity. Kwa kilobiti 192 kwa sekunde faili hiyo haizidi sana megabaiti 75. Utapoteza uwezo wa kuruka wimbo, kama ilivyokuwa kwenye kaseti. Anayesikiliza kwa programu ya simu azime kitufe cha kuchanganya nyimbo na kile cha kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Muunganiko umeshafanywa studioni.

Redio za magari zina tabia moja zaidi. Faili ikiisha, zinaanza upya zenyewe. Mtangazaji anaaga kwa shairi lake, kinapita kimya cha sekunde moja, halafu sauti ileile tulivu inakukaribisha tena kituoni, na ukitazama mbele kivuko bado hakijarudi kutoka ng'ambo.